Liyongo Tumfuate Hadi Kisimani

Hivi majuzi nilialikwa na walimu wa Kiswahili wa shule moja ya upili iliyo karibu na Garsen, katika Kaunti ya Tana River, nikazungumze na wanafunzi wa kidato cha tatu kuhusu mighani. Nilianza kwa swali jepesi. Niliwataka wanitajie shujaa wanayempenda, awe aliishi kweli au amebuniwa. Mikono iliinuka kwa wingi. Walimtaja Zorro mwenye barakoa, wakamtaja Robin Hood, wakawataja maharamia wa sinema wanaoruka kutoka merikebu hadi merikebu wakiwa na panga mkononi. Fumo Liyongo hakutajwa na hata mmoja. Nilipolitaja jina lake mimi, darasa zima lilinijibu kwa pamoja kama watu wanaokariri hesabu za kuzidisha: ana nguvu zisizo za kawaida, nguvu zake zina siri, husalitiwa na mtu wa karibu, hufa kifo cha kishujaa. Sifa walizijua, lakini mtu mwenyewe hawakumjua. Na shule hiyo, msomaji mpenzi, iko upande ule ule wa nchi ambako mapokeo yanasema shujaa huyo aliishi, akafa, akazikwa.

Kabla sijaondoka, mvulana mmoja aliyeketi nyuma aliniuliza jambo ambalo sikulitarajia. Alitaka kujua mwana aliyemuua Liyongo alikuwa wa kabila gani. Darasa likanyamaza kimya. Mwalimu aliyekuwa mlangoni akatazama nje. Humo darasani walikuwamo watoto wa Kipokomo na watoto wa Kiorma, na kila mmoja wao amekulia katika nyumba inayoyakumbuka mauaji ya mwaka 2012. Nilijibu maneno ya juu juu, kengele ikalia, nikashukuru kwamba imelia. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kulitoa siku ile.

Nianze kwa kusema kwamba siwalaumu wanafunzi hao kwa kupenda sinema. Mimi mwenyewe nilikulia Garsen, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 hapakuwa na starehe iliyotushinda sisi watoto kama banda la video. Lilikuwa banda la makuti, lina televisheni moja ndogo iliyoendeshwa kwa jenereta, na ukichelewa unaketi mchangani mbele kabisa hadi shingo ikuume. Hapo ndipo nilipomwona Robin Hood wa Errol Flynn, katika filamu iliyotengenezwa Marekani mwaka 1938. Kiingereza chake hatukukifahamu vyema. Kijana mmoja aliyekuwa amemaliza darasa la nane alikuwa akitufasiria, na nashuku kwamba nusu ya maneno aliyatunga yeye. Haikutudhuru kitu. Tulimwona mtu akiingia kwenye ukumbi wa mwana wa mfalme akiwa amebeba paa mzima mabegani, akamtupa mezani mbele ya wakubwa waliokuwa wakila, kisha akapigana na watu wote wa ukumbi ule na kutoka mzima. Tulimwona akilenga shabaha hata mshale wake ukaupasua mshale mwingine uliokwisha kuchoma katikati. Tulirudi nyumbani gizani tukipigana kwa vijiti vya mikoma.

Usiku huo nilimsimulia bibi yangu hadithi nzima. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza mambo mawili tu: mama yake mtu huyo alikuwa nani, na kaburi lake liko wapi. Sikuwa na jibu kwa sababu sinema haikusema. Bibi akatikisa kichwa kana kwamba nimemletea mtungi usio na kitako, akaanza kunisimulia habari za Liyongo.

Sinema za mashujaa wa upanga zina historia ndefu. Zilianza zama za picha zisizo na sauti, pale Douglas Fairbanks alipotoa The Mark of Zorro mwaka 1920, Robin Hood mwaka 1922 na The Thief of Bagdad mwaka 1924. Errol Flynn alimfuata kwa Captain Blood mwaka 1935. Nyingi zilichota katika riwaya na ngano za karne zilizotangulia, kama vile hadithi ya wale askari watatu wa mfalme aliyoiandika Mfaransa Alexandre Dumas mwaka 1844. Zimepita takriban miaka mia moja, na bado kila kizazi kinazitengeneza upya. Yafaa tujiulize kwa nini.

Jibu langu ni kwamba sinema hizi zinampa mtazamaji vitu ambavyo maisha humnyima. Kwanza, dhuluma ina uso. Mdhalimu si bei ya unga wala karatasi iliyopotea ofisini, bali ni mtu mmoja mwenye ndevu zilizochongwa, unayeweza kumfuata ngazini kwa upanga. Pili, ustadi hulipwa. Aliyejifunza upinde kwa bidii huwashinda wengi waliozaliwa na vyeo. Tatu, shujaa hucheka. Hata akizungukwa na maadui kumi, haoni haya kufanya mzaha, na mzaha huo ndio unaotuambia kwamba woga hauna lazima. Nne, mwisho ni mwema: mfalme wa haki hurudi, arusi hufungwa, taa za banda huwashwa. Hayo yote ni mazuri, na kijana anayeyapenda hana kosa. Lakini hilo la nne ndilo nitakalolirudia, kwa kuwa hapo ndipo sinema na bibi yangu walipoachana njia.

Sasa tumtazame Liyongo mwenyewe.

Aliishi lini hasa ni jambo ambalo wataalamu hawajaafikiana. Wapo wanaomweka katika karne ya 13 au kabla yake, na wapo wanaomshusha hadi karne ya 16 au 17. Kuhusu mahali hakuna ubishi mkubwa. Masimulizi yanamweka katika pwani ya kaskazini ya Kenya, kati ya kisiwa cha Pate na mlango wa mto Tana, katika miji ya kale kama Shaka na Ungwana, na kaburi lake linatajwa kuwa Ozi, karibu na Kipini. Neno fumo katika Kiswahili cha kale lina maana ya mkuki na pia ni jina la heshima la mtawala, kwa hiyo jina lake peke yake lilikuwa limekwisha kubeba silaha na kiti cha enzi. Hadithi yake ilichapishwa na Edward Steere katika mkusanyiko wake wa mwaka 1870, kisha mshairi na mchongaji hodari wa Lamu, Muhammad Kijumwa, akaitungia utendi wenye beti zaidi ya 200 mwaka 1913. Fauka ya hayo, kuna tumbuizo na mashairi mengi ya kale ambayo mapokeo yanasema ni ya Liyongo mwenyewe. Wapokomo wa Tana ya chini nao wanayo masimulizi yao juu yake. Almuradi, huyu ni mtu aliyekaa vinywani mwa watu kwa karne nyingi kabla hajatiwa kwenye karatasi.

Utendi unasimulia kwamba sifa za Liyongo zilienea hadi kwa wafugaji wa bara walioitwa Wagala. Hapa nataka niseme kama mwanaisimu kwamba jina hilo ni la wasimulizi wa zamani. Watu wa jamii hiyo walioko Tana leo ni Waorma, nao hawalipendi jina lile, na sisi hatuna sababu ya kuwaita wenzetu kwa jina wasilolipenda. Wageni hao walipofika Pate walimwomba mtawala, Daudi Mringwari, awaonyeshe huyo shujaa. Liyongo akaitwa kutoka Shaka. Safari iliyowachukua watu wengine siku kadhaa yeye aliikata kwa siku moja. Alipokaribia mji alipuliza baragumu zake kwa nguvu hata watu wakatetemeka. Kisha akaingia na mkoba begani, akauangua mbele ya wageni. Humo mlitoka kinu na mchi, mawe ya kusagia, vyungu na mafiga ya kupikia, vyombo vya kujaza nyumba.

Naomba mwalimu alinganishe tukio hili na lile la Robin Hood na paa wake. Yote mawili ni shujaa anayeingia kwenye ukumbi wa wakubwa akiwa na mzigo usiobebeka. Lakini Robin alileta windo, ishara ya uasi, kwani wanyama wa msitu walikuwa mali ya mfalme. Liyongo alileta jiko. Nguvu zake zilipimwa kwa vyombo ambavyo mama zetu huvitumia kila siku. Msimulizi wa Kiswahili hakuona haya kumbebesha shujaa wake kinu.

Wageni walistaajabu. Hawakumwogopa wala hawakumchukia. Walimtaka awe mkwe wao ili wapate mbegu ya mtu kama yule katika ukoo wao. Liyongo akaoa kwao, akazaliwa mtoto wa kiume.

Aliyeingiwa na hofu ni mtawala wa Pate. Alikuwa ndugu yake, na aliona kwamba watu wanampenda Liyongo kuliko wanavyompenda yeye. Baadhi ya wataalamu wanauona ugomvi huu kuwa mvutano wa sheria mbili za urithi, ile ya upande wa mama na ile ya upande wa baba. Iwe hivyo au isiwe, mbinu za mtawala zinatambulika kwa urahisi hata leo. Hakutoka yeye mwenyewe na upanga. Alitafuta watu wa kumfanyia kazi.

Kwanza aliwakodi watu wa msituni, Wasanye na Wadahalo, wawindaji waliokuwa maskini kuliko wote, akawaahidi reale mia moja. Wakajifanya rafiki wa Liyongo, wakala naye kikoa. Siku ya kula makoma kila mmoja hupanda mti kwa zamu kuwaangulia wenzake, nao walipanga kumpiga mishale zamu yake itakapofika akiwa juu. Zamu ilipomfikia, Liyongo hakupanda. Alichukua upinde akayaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini. Vijana wa banda la video wangeshangilia hapa hadi makuti yadondoke. Nami nawakumbusha wanafunzi kwamba Wadahalo si jina la hadithini tu. Lugha yao ipo, nayo ni miongoni mwa lugha chache sana za Afrika Mashariki zenye sauti za kidoko, lakini wasemaji waliosalia ni wachache mno. Ikiwa ipo hazina inayopotea huku tukitazama, basi ni hiyo.

Mbinu ya pili ilifaulu. Liyongo alikamatwa kwa hila, akatiwa gerezani akiwa amefungwa minyororo na kuzungukwa na walinzi. Na hapa ndipo ninapomwona mkubwa kuliko mashujaa wote wa sinema. Shujaa wa Hollywood akiwa kifungoni hungoja rafiki aje na kamba, au humpiga mlinzi kichwani. Liyongo alitumia lugha. Mama yake alikuwa akimtuma kijakazi aitwaye Saada kumpelekea chakula, na walinzi walikuwa wakikinyang'anya chakula chote kizuri. Liyongo akatunga ubeti wa kumpelekea mama. Walinzi waliusikia kwa masikio yao, lakini maana yake haikuwafikia. Katika ubeti huo alimwomba mama aoke mkate wa wishwa na kutia tupa ndani yake. Mkate ulipoletwa, walinzi walikula vizuri, wakamwachia mfungwa ule wa wishwa kwa dharau. Dharau hiyo ndiyo iliyomfungulia. Mtu anayedharau mkate wa maskini hawezi kujua kilichomo ndani.

Kisha akaomba haki ya mwisho ya mtu anayengoja kuuawa, nayo ni ngoma ya gungu ichezwe nje ya gereza. Watu wakajaa, wakaimba, wakapiga vyombo vya shaba na kupuliza pembe, na chini ya sauti hizo tupa ikawa inakula chuma. Ngoma ilipopamba moto Liyongo alisimama, minyororo ikaanguka, walinzi wakatawanyika. Mshairi, mama, kijakazi na umati wa waimbaji, wote walishiriki. Katika Kiswahili shujaa hajiokoi peke yake.

Lau hadithi ingekomea hapo, ingekuwa filamu ya kupendeza ya dakika mia moja, na mwanafunzi wangu wa nyuma asingekuwa na swali. Lakini haikukomea hapo.

Mtawala alipoona watu wa nje wameshindwa, aligeukia nyumbani. Alimwita mwana wa Liyongo, akamwahidi kwamba akigundua kinachoweza kumuua baba yake atapewa uwaziri na kuozwa binti wa mtawala. Kijana akakubali. Akamwendea baba, akamuuliza siri yake. Utendi unaonyesha kwamba Liyongo alishuku. Alitambua kwamba swali lile halikuzaliwa moyoni mwa mwanawe, bali lilitumwa, akamwonya kwamba waliomtuma watamcheza shere. Hata hivyo hakumnyima jibu, maana aliyeuliza ni mwana. Kilichoweza kumuua ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni.

Nimekifikiria kitovu hicho kwa miaka mingi. Waandishi wamekilinganisha na kisigino cha Akile wa Wayunani na nywele za Samsoni, na ulinganisho huo ni sahihi. Lakini kisigino na nywele ni vya mtu mwenyewe. Kitovu ni kovu la mahali tulipokuwa tumeungana na mama. Mwana alimchoma baba pale pale ambapo baba alikuwa mwana wa mtu. Vizazi vitatu vilikutana kwenye ncha ya sindano moja. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kilichomla kilikuwa karibu zaidi ya nguo.

Kijana alingoja baba alale usingizi mzito, akamchoma, akakimbia. Liyongo alizinduka kwa uchungu, akachukua upinde na mishale, akatoka hadi karibu na kisima cha mji, akapiga goti, akautega mshale. Akafa akiwa katika hali hiyo. Watu hawakujua. Walimwona ameelekeza mshale kisimani wakadhani ana hasira, wasithubutu kukaribia. Siku zikapita mji hauna maji. Hatimaye wakamwomba mama yake aende akamtulize. Mama akamwimbia mwanawe kwa mbali, akimsihi, akidhani anasikia. Mpaka maiti ilipoanguka yenyewe ndipo wakafahamu kwamba kwa siku zote hizo walikuwa wakimwogopa marehemu. Ama yule kijana, hakupata uwaziri wala binti. Mtawala alimfukuza kwa aibu, naye akafa kwa maradhi na majuto.

Sasa nataka niseme jambo ambalo nililijua nikiwa mtu mzima, na ambalo lingemfurahisha bibi yangu. Robin Hood naye ana kifo. Katika nyimbo za masimulizi za zamani za Waingereza, Robin alipougua alikwenda kwa jamaa yake wa kike, mkuu wa watawa wa Kirklees, ili atolewe damu kama ilivyokuwa tiba ya wakati huo. Jamaa huyo akamsaliti, akamwacha avuje damu hadi nguvu zikamwishia. Na zipo nyimbo zinazosimulia kwamba akiwa anakata roho alipiga mshale wa mwisho dirishani, akaomba azikwe pale utakapoangukia. Tazama basi: jamaa wa damu, chuma chembamba, na upinde mkononi wakati wa kufa. Waingereza wa vijijini na Waswahili wa Ozi, ambao hawakupata kukutana, walilijua jambo lile lile. Watengenezaji wa sinema ya mwaka 1938 ndio walioikata sura hiyo, wakamaliza kwa kurudi kwa mfalme na furaha ya wachumba. Bibi yangu alipouliza kaburi liko wapi, hakuwa mshamba asiyejua sinema. Alikuwa msikilizaji hodari aliyetambua kwamba hadithi imeletwa kwake ikiwa na pengo.

Kwa nini sura hiyo ni muhimu? Kwa sababu bila hiyo kijana hujifunza kwamba adui ni mtu wa nje, mwenye ndevu zilizochongwa, na kwamba ushujaa ni kumfuata kwa upanga. Hapo ndipo ninaporudi kwenye swali la yule mvulana.

Mwezi wa Agosti mwaka 2012, kijiji cha Riketa katika Tana Delta kilivamiwa alfajiri, na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Mauaji ya kulipiza kisasi yakafuata huku na huku, na ilipofika Januari 2013 waliouawa walikuwa wamezidi 100, Waorma na Wapokomo. Visingizio vilikuwa malisho na mashamba, maji na mapito ya ng'ombe kwenda mtoni. Ugomvi wa mkulima na mfugaji ni wa zamani katika bonde hilo, na wazee walikuwa na njia zao za kuutatua. Lakini wengi wetu tunaoijua Tana tuliona pia kwamba uchaguzi mkuu wa Machi 2013 ulikuwa umekaribia, na tukasikia minong'ono ya vijana walioahidiwa mambo. Waliobeba mapanga na mikuki na bunduki walikuwa vijana. Wengine wao, sina shaka, walikuwa wamekulia kwenye mabanda ya video kama mimi, na huenda asubuhi ile walijiona mashujaa.

Kwa hiyo, ewe kijana uliyeketi nyuma, jibu langu ni hili. Mwana wa Liyongo alikuwa mtoto wa baba wa miji ya pwani na mama wa jamii ya wafugaji. Ukitaka kumtupia upande mmoja, upande wa pili utakushitaki. Alikuwa mtoto wa Tana yote. Tena tazama nani alifanya nini. Wafugaji ndio waliomthamini Liyongo hata wakamwomba awe wa damu yao. Maskini wa msituni walinunuliwa kwa reale mia moja kwa sababu ya umaskini wao. Mwana alinunuliwa kwa ahadi ya cheo. Na mnunuzi alikuwa mmoja tu, akiwa ameketi salama katika baraza yake, mikono yake ikiwa haina damu. Sindano ya shaba haikutengenezwa nyikani wala shambani, ilitoka ikulu. Unaposoma hadithi hii usiulize kabila la mkono uliochoma. Uliza nani aliyeahidi, na baada ya kazi kwisha alimlipa nini aliyeahidiwa.

Nanyi walimu wenzangu, nawaombeni tuache kumfundisha Liyongo kama orodha ya sifa za kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Orodha hiyo ina manufaa yake, lakini ndani yake husalitiwa na mtu wa karibu ni nukta moja yenye alama mbili, ilhali katika maisha ya watoto wetu ni makaburi. Mkiweza, waonyesheni wanafunzi sinema ile ya Robin Hood. Wacheke, wapige makofi, wafurahie upinde na upanga, kwani furaha hiyo ni halali. Kisha wasomeeni utendi wote, na msiwaruhusu watoke darasani kabla hawajafika kisimani. Na katika shule za Tana, waketi Mpokomo, Morma, Mswahili na Mdahalo kwenye dawati moja wakati wa kusoma, kwa kuwa hadithi ni ya wote, sifa yake na aibu yake.

Jambo la mwisho. Wimbo wetu wa taifa, unaoimbwa tangu mwaka 1963, ulitolewa lahani yake katika wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Kila tunaposimama wima kuuimba, kuanzia uwanja wa michezo hadi bunge, tunaimba sauti ya mama wa Tana anayemtuliza mwanawe. Nilipokuwa natoka shuleni siku ile, wanafunzi walikuwa wamepanga safu mlingotini wakishusha bendera, na yule mvulana alikuwa miongoni mwao akiimba. Nilimfikiria mama wa Liyongo akiimba kwa mbali karibu na kisima, asijue kwamba amechelewa. Mama zetu wa Tana wamekwisha kuimba sana kwa ajili ya waliokufa. Sisi tuliosalia tuna deni la kuwafundisha wana wao mapema, sindano ikiwa bado haijatoka ikulu.